Viazi Vifike Sokoni kwa Gharama Ndogo: Hesabu ya Usafirishaji kwa Vikundi Vyetu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapisha ili wanachama ambao hawakufika wayasome pamoja kikundini. Vichwa vidogo vimeongezwa na mhariri.)

  Leo tutayahitaji madaftari.

Sikuja kuzungumza juu ya mbegu wala mbolea. Mambo hayo mnayajua, na wengi wenu mngeweza kunifundisha mimi. Nimekuja kuzungumza juu ya pesa zinazopotea baada ya jembe kuwekwa chini, yaani pesa za gari.

Tazameni tunavyofanya wakati wa kuvuna viazi. Kila kikundi kinatafuta mnunuzi wake na gari lake. Matokeo yake ni kwamba magari mawili yanapishana kwenye barabara moja ya vumbi. Moja linateremsha viazi, jingine linapandisha viazi. Viazi ni vile vile, gunia ni lile lile la kilo 50, na sisi ndio tunaowalipa madereva wote wawili. Kama magari hayo yangesimama na wenye mizigo wakabadilishana wanunuzi tu, kila mmoja angegeuka na kwenda karibu. Broka anayesimama kando ya lami analijua jambo hili vizuri sana. Yeye hununua kutoka kwenu nyote, kisha anapanga safari kama mtu mmoja. Sehemu ya faida yake inatoka hapo, na si dhambi, ni hesabu. Swali langu leo ni hili: kwa nini hesabu hiyo tusiifanye sisi wenyewe?

HESABU HII ILITOKA WAPI

Msidhani ni jambo la jana. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Gaspard Monge, aliandika juu ya udongo: ukichimbwa mahali fulani na kutakiwa kujaza mahali pengine, uupeleke vipi ili kazi ya kubeba iwe ndogo kabisa? Mwaka 1930, katika Muungano wa Kisovieti, A. N. Tolstoi aliandika juu ya kusafirisha chumvi, saruji na mizigo mingine kwa reli. Aliona jambo lile lile tuliloliona barabarani: mizigo ya aina moja ikipishana, kuna pesa inayomwagika.

Mwaka 1941 Mmarekani Frank Hitchcock aliandika hesabu hiyo kwa namna inayofundishwa hadi leo: mahali kadhaa penye mali, mahali kadhaa panapohitaji mali, na gharama ya kila njia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tjalling Koopmans, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa Washington akishughulika na meli za mizigo, na moja ya taabu zake ilikuwa meli zinazorudi tupu. Huko Leningrad, Leonid Kantorovich naye alikuwa amefika kwenye hesabu ya jamaa moja na hiyo kwa njia yake. Mwaka 1975 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Wataalamu huiweka hesabu hii chini ya somo liitwalo programu ya mstari. Jina hilo lisiwatishe. Maana yake ni kwamba gharama inapanda kwa kipimo kimoja: gunia moja likigharimu shilingi 50, magunia kumi ni shilingi 500, ishirini ni 1,000. Ukiweza kuzidisha na kutoa, unaweza kuifanya.

JEDWALI LA KIKUNDI

Tuchukue mfano. Bei hizi nimezitunga ili tujifunze. Nyinyi mtaweka zenu.

Kuna vijiji vitatu. Cha mlimani tukiite Juu, cha katikati tukiite Kati, cha bondeni tukiite Chini. Juu wana magunia 40, Kati wana 50, Chini wana 40. Jumla ni magunia 130. Wanunuzi pia ni watatu, na wote wanalipa bei moja: shule ya bweni inataka magunia 60, hospitali inataka 20, soko la mjini linachukua 50. Jumla ni 130. Mali na mahitaji yanalingana.

Sasa andikeni gharama ya kupeleka gunia moja, kwa shilingi:

Kutoka Juu: Shule 50, Hospitali 80, Soko 190.
Kutoka Kati: Shule 30, Hospitali 60, Soko 90.
Kutoka Chini: Shule 100, Hospitali 40, Soko 110.

Chora jedwali hili chini kwa kijiti, visanduku tisa. Chukua punje 13 za maharagwe, kila punje iwe magunia kumi. Mtakuwa kama watu wanaocheza bao, lakini hapa mchezo ni mmoja na washindi ni wote.

Je, tunapanga vipi? Mtu wa kawaida anaanza na njia ya bei rahisi kuliko zote, anaijaza, kisha anafuata inayofuata. Tufanye hivyo. Rahisi kabisa ni Kati kwenda Shule, shilingi 30. Kati wanapeleka magunia yao yote 50 huko. Inayofuata ni Chini kwenda Hospitali, shilingi 40. Hospitali inajaa kwa 20. Kisha Juu kwenda Shule, shilingi 50, lakini shule imebakiza nafasi ya magunia 10 tu. Chini wanapeleka 20 yaliyobaki Sokoni kwa 110. Na Juu, masikini, wamebaki na magunia 30 na mlango mmoja tu ulio wazi: Soko, kwa shilingi 190 kila gunia.

Tujumlishe. Kati: 50 mara 30 ni 1,500. Chini Hospitali: 20 mara 40 ni 800. Juu Shule: 10 mara 50 ni 500. Chini Soko: 20 mara 110 ni 2,200. Juu Soko: 30 mara 190 ni 5,700. Jumla kuu ni shilingi 10,700.

Mmeona kilichotokea? Kila hatua ilikuwa ya busara. Kila mara tulichagua njia rahisi iliyobaki. Lakini urahisi wa mwanzo ulimsukuma mwenzetu wa mwisho kwenye njia ghali kuliko zote. Bei rahisi kwa kikundi kimoja si lazima iwe rahisi kwa vikundi vyote. Jambo hili ndilo ningependa mrudi nalo nyumbani, hata mengine yote mkiyasahau.

KUJARIBU VISANDUKU VITUPU

Sasa tutafuta njia bora. Tuna visanduku vitano vyenye punje na vinne vitupu. Tunakijaribu kila kitupu kwa kuuliza: tukiweka gunia moja hapa, nini kitafuata?

Tujaribu Kati kwenda Soko. Weka gunia moja: tumeongeza 90. Lakini Soko sasa lina gunia moja la ziada, kwa hiyo tunapunguza moja la Juu lililokuwa likienda Soko: tumepunguza 190. Gunia hilo la Juu halina pa kwenda, kwa hiyo tunalipeleka Shule: tumeongeza 50. Shule nayo imezidi moja, kwa hiyo tunaondoa moja la Kati, ambalo ndilo tulilopeleka Soko: tumepunguza 30. Mzunguko umefunga, na kila mtu ana idadi yake ile ile.

Hesabu: 90 toa 190, ongeza 50, toa 30. Jibu ni pungufu 80. Yaani kila gunia tunalolizungusha hivi linatuokolea shilingi 80.

Jaribuni vingine vitatu wenyewe kwa njia hiyo hiyo. Juu kwenda Hospitali mtapata pungufu 40. Kati kwenda Hospitali, pungufu 40. Chini kwenda Shule, nyongeza 130, yaani hasara. Tunachagua kinachookoa zaidi, nacho ni Kati kwenda Soko.

Tuzungushe magunia mangapi? Tazama visanduku viwili tunavyopunguza. Juu kwenda Soko kina 30. Kati kwenda Shule kina 50. Hatuwezi kutoa kuliko kilichomo, kwa hiyo ni 30. Mpango mpya ni huu: Juu wapeleke magunia yao yote 40 Shule. Kati wapeleke 20 Shule na 30 Soko. Chini wabaki kama walivyokuwa, 20 Hospitali na 20 Soko.

Jumla: 2,000 na 600 na 2,700 na 800 na 2,200. Ni shilingi 8,300. Tumeokoa shilingi 2,400 kwa kukaa chini na maharagwe. Viazi havikuongezeka, wala barabara haikutengenezwa.

Tutajuaje kwamba hakuna mpango bora zaidi? Jaribu tena visanduku vinne vilivyo vitupu sasa. Juu Hospitali: nyongeza 40. Juu Soko: nyongeza 80. Kati Hospitali: nyongeza 40. Chini Shule: nyongeza 50. Vyote vinaongeza gharama. Hapo tunasimama. Hakuna mpango mwingine utakaoshinda huu kwa bei hizi, na jambo hilo limethibitishwa na wanahesabu, si kubahatisha.

Na namba hizo za nyongeza msizitupe, zina kazi. Kati Hospitali ni nyongeza 40, na gharama yake ni 60. Akija mtu wa mkokoteni akasema, "Mimi nitawapelekea hospitali kwa 45," mnajua papo hapo kwamba bado haifai. Ni lazima ashuke chini ya 20. Mtu aliye na namba hizo hababaishwi na maneno matamu.

Angalizo dogo: idadi ya visanduku vyenye punje inatakiwa kuwa idadi ya vijiji kuongeza idadi ya wanunuzi, kisha utoe moja. Hapa ni 3 na 3 toa 1, yaani 5. Vikipungua, mizunguko mingine haitafunga. Weka kijiwe kwenye kisanduku kimoja kitupu kisichofunga mzunguko na visanduku vyenye punje, kihesabiwe kuwa kina sifuri, kisha uendelee.

NANI ATALIPA?

Sasa tufike penye ugomvi, maana hesabu imekwisha lakini watu hawajakubaliana.

Mwenyekiti wa Kati atasimama aseme: "Shule iko mlangoni petu. Tulikuwa tunalipa shilingi 1,500 tu. Nyinyi na maharagwe yenu mnatutuma Soko, tulipe 3,300. Hii ni haki gani?" Na ana sababu. Katika mpango wa kwanza Juu walilipa 6,200, Kati 1,500, Chini 3,000. Katika mpango wa pili Juu wanalipa 2,000, Kati 3,300, Chini 3,000. Juu wamepona shilingi 4,200, na Kati wameumia shilingi 1,800. Mkiacha mambo hapo, msimu ujao Kati hawatakuja mkutanoni, na mpango mzuri utakufa kwa sababu mzigo wake uliwekwa kwenye mabega ya kikundi kimoja.

Wengine watasema, tuweke gharama zote kwenye mfuko mmoja tugawe sawa kwa gunia. Shilingi 8,300 kwa magunia 130 ni karibu shilingi 64 kwa gunia. Inaonekana haki, lakini pigeni hesabu: Kati wenye magunia 50 watalipa karibu 3,200. Bado ni zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wakilipa peke yao. Ya nini waingie?

Njia ninayoipendekeza ni hii. Kwanza, anayeumia arudishiwe. Juu wawape Kati shilingi 1,800, ili Kati warudi pale pale walipokuwa. Pili, ile faida ya 2,400 iliyobaki mikononi mwa Juu igawanywe kwa makubaliano. Mkigawa sawa kwa vikundi vitatu, kila kimoja kinapata 800. Juu wanalipa 5,400 badala ya 6,200. Kati wanalipa 700 badala ya 1,500. Chini wanalipa 2,200 badala ya 3,000. Jumlisheni: 8,300. Hakuna aliyeumia na kila mmoja amepata.

Mnaweza kusema Chini hawakubadilisha kitu, wasipewe sawa na wengine. Hilo ni lenu kuamua. Lakini liamueni kabla ya gari kupakiwa, na katibu aliandike. Hesabu inatuambia faida ni kiasi gani. Namna ya kuigawa ni kazi ya kikao. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

GHALA LA NJIANI

Hadi sasa kila gunia limetoka kijijini likaenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Lakini maisha hayako hivyo. Mara nyingi mzigo unatoka shambani kwa punda, unashushwa kwenye lami, unangoja, kisha lori linauchukua. Huku ni kuhamisha mzigo njiani.

Dunia nzima inafanya hivyo. Reli mpya kutoka Mombasa ilipofikishwa karibu na Naivasha mwaka 2019, mojawapo ya makusudi yake ilikuwa makontena ya kwenda Uganda na kwingineko yashushwe pale na kupandishwa kwenye malori. Bandari ya Lamu ilipofungua gati lake la kwanza mwaka 2021, ilitarajiwa ipokee meli kubwa na kuhamishia mizigo kwenye meli ndogo.

Turudi kwenye viazi vyetu. Hospitali iko kando ya lami. Tuseme inatukubalia tutumie chumba chake kama ghala. Kutoka hapo lori kubwa linakwenda Soko kwa shilingi 50 kwa gunia, na vijana wa kupakua na kupakia wanadai shilingi 10. Chini walikuwa wakipeleka moja kwa moja Soko kwa 110. Sasa wanaweza kupeleka hospitali kwa 40, wapakue na kupakia kwa 10, lori 50. Jumla ni 100. Wameokoa 10 kwa kila gunia, na kwa magunia 20 ni shilingi 200. Gharama ya wote inashuka kutoka 8,300 hadi 8,100.

Na Juu je? Kupitia ghalani wangefika Soko kwa 80 na 10 na 50, yaani 140 badala ya 190. Lakini katika mpango wetu mpya Juu hawaendi Soko kabisa, kwa hiyo ghala haliwahusu. Hapa kuna funzo. Tungejenga ghala huku tukibaki na ule mpango wa kwanza, tungelipa 1,500 na 800 na 500 na 2,000 na 4,200, jumla 9,000. Kwa hiyo mpango mzuri bila ghala, yaani 8,300, unaushinda mpango mbaya wenye ghala. Vikundi vingi huomba harambee ya jengo kabla ya kukaa na kupanga safari. Pangeni kwanza. Huenda mtaona kwamba jengo mnalolihitaji ni dogo, au linafaa kuwa mahali pengine.

Kama njia za kupitia zinakuwa nyingi, kuna hila iliyoandikwa na Mmarekani Alex Orden mwaka 1956. Kila mahali pa kupitia paandikwe mara mbili kwenye jedwali: upande wa wanaotoa na upande wa wanaopokea. Paongezewe pande zote mbili idadi sawa, iliyo kubwa ya kutosha kupitisha mzigo wote. Kwetu sisi ni 130. Na kutoka mahali hapo kwenda hapo hapo, gharama ni sifuri. Baada ya hapo, hesabu ni ile ile ya maharagwe.

MAMBO YA KUANGALIA

Mali na mahitaji yasipolingana. Tuseme Chini wamevuna 60 badala ya 40. Ongeza mnunuzi wa kubuni anayechukua magunia 20. Yatakayoangukia kwake ndiyo yatakayobaki nyumbani. Kama ni mahindi makavu, gharama yake huenda ikawa ndogo. Kama ni viazi vitakavyooza, andika hasara halisi hapo, usiandike sifuri.

Njia iliyofungwa. Kabla ya soko la mahindi kufunguliwa kabisa mwaka 1993, kupeleka mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali kulikuwa taabu. Siku hizi kinachotufunga zaidi ni mvua. Mnakumbuka El Niño ya 1997 na 1998, na mafuriko ya 2024. Daraja likivunjika, andika kwenye kisanduku hicho gharama kubwa mno, kama 9,999, na punje hazitakwenda huko. Halafu fanyeni hesabu upya. Tofauti ya jumla mbili ndiyo thamani ya daraja lile kwa msimu mmoja, nanyi mna namba ya kumpelekea mwakilishi wa wadi.

Gari lisilojaa. Hesabu hii inadhani unalipa kwa gunia. Ukikodi lori zima, unalipa bei moja likiwa na magunia 30 au 60. Hapo jedwali linaweza kukudanganya. Tumieni jedwali kupata mwelekeo, kisha mkae mwangalie kila gari linajaa vipi.

Gari linalorudi tupu. Mkilikodi kwenda, mmelipia na kurudi. Taabu ya Koopmans na meli zake ndiyo taabu yenu. Kama mnahitaji mbolea au saruji kutoka mjini, iagizeni siku hiyo hiyo.

Bei zikitofautiana. Shule ikilipa zaidi ya Soko, na kila mnunuzi lazima apate idadi yake, jumla ya mauzo haibadiliki kwa kubadilisha njia. Kinachobadilika ni nani aliyeuza kwa nani. Kwa hiyo mnapogawana faida ya gari, gawaneni pia tofauti ya bei, la sivyo wote watang'ang'ania shule.

Mwisho, ghala lina hatari zake. Gunia linaloshushwa njiani linaweza kunyeshewa, kuchanganywa au kupotea. Wekeni alama ya kikundi kwenye kila gunia, turubai liwepo, na anayepokea aandike stakabadhi. Shilingi 10 mliyookoa haitoshi kulipia gunia moja lililoibwa.

KAZI YA KUFANYA KIKUNDINI

1. Kila katibu aandike gharama za kweli za msimu uliopita: kijiji gani, mnunuzi gani, shilingi ngapi kwa gunia. Mkutane na vikundi jirani mkiwa na karatasi hizo.

2. Je, msimu uliopita kuna mahali ambapo magunia yenu yalipishana na ya jirani? Yalikuwa mangapi?

3. Kikundi chenu kikiwa ndicho Kati, mngekubali kwenda Soko kwa masharti gani? Mkiwa ndio Juu, mngewapa Kati kiasi gani?

4. Zoezi. Ghala la kwanza lina mifuko 20 ya mbolea, la pili 30. Kijiji cha mashariki kinataka 25, cha magharibi 25. Ghala la kwanza kwenda mashariki ni shilingi 20, kwenda magharibi 30. Ghala la pili kwenda mashariki ni 50, kwenda magharibi 90. Anzeni na njia rahisi kuliko zote, mpate jumla. Kisha jaribuni kisanduku kitupu.

Jibu la zoezi: mkianza na njia rahisi mtapata shilingi 2,900. Kisanduku kitupu ni ghala la kwanza kwenda magharibi: 30 toa 90, ongeza 50, toa 20, ni pungufu 30. Zungusheni mifuko 20. Mpango bora ni ghala la kwanza lipeleke yote 20 magharibi. La pili lipeleke 25 mashariki na 5 magharibi. Jumla ni shilingi 2,300.

 Msimu wa kuvuna hauko mbali, na mazungumzo na wenye magari huanza mapema. Kaeni na majirani zenu kabla dereva wa kwanza hajapiga honi.